Chumba cha Madoa

Kazi ya kiwandani niliipata kwa sababu ya mapazia. Mume wangu alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Westlands, wakati ambapo Westlands bado ilikuwa nyumba za bustani kubwa, ua wa michongoma na maduka machache ya kuhesabika. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu magharibi kumfuata, tukawa tunaishi katika chumba cha watumishi nyuma ya jikoni. Siku moja mke wa bwana aliniona nimekaa nje ya mlango nikishona sketi yangu kwa mkono. Akaniletea mapazia ya sebuleni yaliyochanika pindo. Nilipoyarudisha aliyageuzageuza akitafuta mahali nilipopita na sindano, asipaone. Akamwita mumewe. Bwana akatazama, akaniuliza kama nimesoma, nikamwambia nilimaliza darasa la saba. Akaandika maneno machache nyuma ya kadi na kuniambia niipeleke kwa mtu fulani mjini.

Wakati huo sikujua yule bwana alifanya kazi gani hasa. Mume wangu alijua anakula nini na saa ngapi, basi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa wakala wa kampuni moja ya ng'ambo yenye maduka ya nguo katika miji mingi ya kwao. Yeye ndiye aliyezunguka Nairobi kutafuta mahali pa kushonwa mashati kwa bei nafuu. Yeye ndiye aliyekagua, na ndiye aliyetia sahihi kabla makasha hayajaondoka kwenda Mombasa. Nalisema hili mapema kwa sababu nimekaa miaka mingi nikisikia watu wakidai kwamba wenye maduka ya ng'ambo walikuwa mbali na hawakujua. Wa kwetu hakuwa mbali. Alikuwa akila mayai aliyokaangiwa na mume wangu.

Kiwanda kilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo la upande wa chini wa mji, karibu na River Road. Kila asubuhi niliteremka Chiromo kwa miguu, nikavuka mto, nikaingia mjini kwa upande wa Kijabe Street. Ngazi ilikuwa moja, nyembamba, na ukifika juu unakutana na kelele za vyerehani kabla hujamwona mtu. Tajiri wa kiwanda alikuwa mtu mwembamba asiyepaza sauti. Alianza maisha yake akiwa fundi, na aliweza kusimama mlangoni akajua kwa kusikiliza tu ni cherehani gani kinachosumbua. Sikumchukia siku zile. Chuki yangu juu yake ilikuja polepole, na hata ilipokuja haikufika ile niliyomwekea yule mwingine.

Kwa kuwa nilijua kusoma, sikukaa kwenye cherehani zaidi ya miezi mitatu. Nilifanywa mkaguzi. Nilipewa meza karibu na dirisha la mbele, utepe wa kupimia, mkasi mdogo, na kitabu cha masharti kutoka ng'ambo. Kitabu kile chenye jalada la buluu kilifungiwa ndani ya kabati la kioo kama Biblia ya mhubiri. Kilieleza mishono mingapi iwe katika kila inchi, kifungo kikae umbali gani kutoka kifungo kingine, uzi unaobaki usizidi urefu gani, shati likunjwe vipi na pini zichomwe wapi. Nilikisoma chote, mwanzo hadi mwisho. Mtu hakutajwa humo isipokuwa mara moja, mahali palipoandikwa kwamba mfanyakazi asiwe na kucha ndefu, zisije zikakwaruza kitambaa.

Mashati yenyewe yalikuwa meupe, na vyerehani vyetu vilikuwa vikuukuu. Vilivuja mafuta. Ukimaliza kushona kola ukaona tone la manjano, huwezi kulifua, kwa sababu maji yaliharibu ule wanga uliokifanya kitambaa kiwe kigumu na king'ae. Ndiyo maana kulikuwa na chumba cha madoa. Kilikuwa stoo zamani, upande wa nyuma, kikubwa kiasi cha kutosha meza mbili na pipa. Ndani ya pipa mlikuwa na dawa iliyoonekana kama maji, yenye harufu tamutamu ya kukwama kooni. Wanawake wawili walikaa humo kutwa wakiijaza katika bomba dogo la mkono na kuipulizia doa, kisha kulifuta kwa kitambaa safi mpaka litoweke.

Mmoja wa hao wawili alikuwa rafiki yangu. Alikuwa wa Mutuini, huko Dagoretti, ambako watu wao walikuwa na shamba tangu zamani, viazi na mahindi na ng'ombe wachache. Alikuja mjini kwa basi la asubuhi akiwa na chakula chake katika mkebe, na alikuwa mdogo wangu kwa miaka kama minne. Mimi nilipofika alinicheka Kiswahili changu, nami nikamcheka chake, tukawa marafiki hapo. Aliimba katika kwaya ya kanisa lao na hata akiwa kazini alivuma nyimbo kwa pua. Alihamishiwa chumba cha madoa kwa sababu ya mkono wake mwepesi. Dawa ile ukiipuliza vibaya inaacha duara kubwa kuliko doa lenyewe. Yeye hakuacha duara. Msimamizi alisema wazi mbele yetu wote kwamba hakuna mwingine anayeweza kazi ile kama yeye, na yeye akafurahi, maskini.

Mwanzoni chumba kile kilikuwa na dirisha. Dogo, lililotazama uchochoro, lakini lilifunguka. Halafu kasha moja likarudishwa kutoka ng'ambo, eti mashati yana vumbi jeusi kwenye mabega. Wakala akaja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona pale, akiwa na suti, si kaptura ya nyumbani. Hakunisalimu. Alizunguka kila mahali, na mimi nilimfuata na kitabu cha buluu mkononi kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Katika chumba cha madoa alipitisha kidole juu ya kizingiti cha dirisha, akakiinua tukaona masizi. Hoteli ndogo ya uchochoroni ilikuwa ikipika kwa makaa. Akamwambia tajiri kwa Kiingereza kwamba dirisha lile lifungwe na lisifunguliwe tena. Tajiri akasema kwamba wanawake watapata joto. Wakala akasema joto halichafui shati.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Rafiki yangu alikuwa karibu zaidi, bomba mkononi, asielewe neno. Siku iliyofuata seremala alikuja akalipiga dirisha misumari na kuziba nyufa kwa karatasi ya gundi.

Hazikupita wiki mbili kabla ya yote kuanza. Rafiki yangu alitoka saa ya chakula akiyumba, akicheka, akasema, "Kichwa yangu inazunguka kama nimekunywa, na mimi sijawahi kuonja." Tulicheka naye. Halafu akawa anatapika. Mwenzake wa chumbani, mama mtu mzima, aliomba kurudi kwenye cherehani, akakataliwa, akaacha kazi. Wakamleta mwingine. Rafiki yangu alimwendea msimamizi akaomba dirisha lifunguliwe hata saa moja kwa siku. Msimamizi alikuwa mtu wa maneno makali, mwenye kuogopa kila aliye juu yake, na alimjibu kwamba dirisha si la babake. Baada ya wiki moja tukaona maziwa yameletwa. Chupa moja kwa kila mwanamke wa chumba kile, kila siku saa nne, eti maziwa yanaua sumu tumboni. Ndipo nilipojua kwamba wanajua. Mtu hakupi maziwa ya kuua sumu kama hakuna sumu.

Pipa jipya lilipoletwa nilisoma karatasi yake. Lilikuwa limekuja kwa mkono wa ofisi ya wakala, jina la ofisi limepigwa muhuri pembeni. Chini yake palikuwa na maneno madogo ya Kiingereza: itumike mahali penye hewa inayopita, mvuke wake usivutwe, usikae kwenye ngozi. Niliyasoma mara tatu. Nilimwendea msimamizi nikamwonyesha. Aliniambia kazi yangu ni kukagua mashati, si mapipa, na kwamba kama nimechoka na meza ya dirishani wapo wengi wanaoitaka. Nilirudi kwenye meza yangu. Hilo lazima nilikiri. Nilirudi, nikakaa karibu na dirisha langu lililo wazi, nikaendelea kupima vifungo kwa miezi kama miwili zaidi.

Asubuhi moja rafiki yangu aliniita kwenye ngazi, akaniambia nimtazame macho. Weupe wote ulikuwa umegeuka manjano. Nilimwambia aende hospitali siku ileile. Nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi hadi mchana, kisha daktari kijana akamwangalia, akambonyeza chini ya mbavu, akamwuliza anakunywa chang'aa kiasi gani. Rafiki yangu akasema hanywi. Daktari akacheka kidogo, akasema wote husema hivyo, na ini halidanganyi. Nikajaribu kumweleza habari ya chumba na dawa. Akaniuliza kama mimi ndiye mgonjwa. Aliandika kitu kwenye karatasi, akaita mwingine. Tulipofika kituo cha basi rafiki yangu akaniambia kwa sauti ndogo nisije nikamwambia mama yake kwamba aliulizwa habari ya pombe.

Hakurudi kazini. Jumapili ya pili nilikwenda Mutuini. Nilimkuta amelala chumba cha mbele, miguu imevimba, ngozi yote rangi ya nta. Mama yake alinipokea kwa chai na hakuketi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono ya shamba. Alinitoa nje mpaka kwenye zizi, akaniuliza, "Mwanangu, nyinyi huko mnafanya kazi gani hasa?" Nikamwambia tunashona mashati. Akarudia swali lake, kama kwamba sijajibu. Nikamweleza yote, dirisha, pipa, maziwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nilikuwa nimejua kabla binti yake hajawa manjano. Nikasema ndiyo. Aliingia ndani akaniacha pale na ng'ombe.

Kesho yake nilikwenda moja kwa moja kwa tajiri. Nilimwambia dirisha lifunguliwe, na mgonjwa apelekwe kwa daktari anayeelewa dawa za viwandani. Alisema, kwa sauti yake ileile ya chini, kwamba yeye angelifungua dirisha leo, lakini aliyeagiza lifungwe ndiye anayenunua mashati, na akilifungua mashati yakarudi, sisi wote tutakwenda nyumbani. "Nenda kwa bwana yako," akasema. "Unakaa nyumbani kwake. Mimi nakaa kwa mkono wake tu."

Nilimwambia mume wangu kwamba nitazungumza na bwana. Alinikataza. Aliniambia tuna mtoto kwa mama yangu anayesubiri karo, na chumba kile hatukukipanga, tumepewa kwa hisani. Sikumsikiliza. Nilingoja mpaka bwana aliporudi jioni akaketi kwenye baraza na chai yake, nikasimama kwenye ngazi ya chini. Nilimwambia kwamba yule msichana wa madoa anakufa, na kwamba ni kwa sababu ya dirisha. Hakuuliza msichana gani. Nilimweleza maneno niliyoyasoma kwenye pipa. Alikoroga chai.

"Mimi nanunua shati," akasema kwa kile Kiswahili chao. "Hapana nunua dirisha. Dirisha ni mambo ya yule tajiri."

Nikamwambia, "Lakini ni wewe ulisema lifungwe. Nilikuwa pale."

Mke wake aliyekuwa mlangoni akarudi ndani. Bwana akaniambia kwamba nikitaka kusema habari ya kazi niende kazini, na kwamba baraza ile ni ya nyumba. Kisha akampigia mume wangu kengele aje aondoe vyombo, ili mume wangu atoke anione nimesimama pale. Nimewaza sana juu ya kengele ile. Kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Anwani ya ng'ambo niliijua, kwani ilichapishwa kwenye kila kasha. Saa ya chakula nilikwenda posta kuu, nikanunua karatasi na bahasha, nikaandika nikiwa nimesimama kaunta. Kiingereza changu kilikuwa cha shule, lakini kilitosha. Niliandika kwamba mashati yenu yanasafishwa ndani ya chumba kisicho na hewa, kwamba mtu wenu ndiye aliyeamuru dirisha lifungwe, kwamba mwanamke mmoja ni mgonjwa sana, na kwamba ninanakili hapa chini maneno yaliyo kwenye pipa mlilotuletea. Niliyanakili herufi kwa herufi. Niliwaomba mambo mawili: dirisha na daktari. Nikatia sahihi jina langu lote, la baba na la ubatizo, kwa sababu niliamini barua isiyo na jina hutupwa.

Rafiki yangu alifariki kabla jibu halijaja. Alizikwa Mutuini katika shamba lao, siku ya mvua, na kwaya yao iliimba huku matope yakifika vifundoni. Kutoka kiwandani tuliruhusiwa watu wanne. Mazishi yalipokwisha na watu wakawa wanakunywa chai, gari dogo la kiwanda lilifika getini. Msimamizi alishuka akabebesha vijana kasha, akaja nalo hadi uani. Alitoa rambirambi za tajiri kwa maneno mazuri. Kisha akafungua kasha. Ndani mlikuwa na mashati, dazeni kadhaa, yamekunjwa kwa pini kama ya kwenda ng'ambo. Nilichukua moja. Nililitambua papo hapo, kwani nilikuwa nimelikataa mwenyewe kwa mkono wangu. Lilikuwa na doa la mafuta kwenye kola. Yote yalikuwa na madoa. Tangu aondoke hakukuwa na mtu wa kuyatoa.

Mama yake akaniuliza nini kile. Sikutaka kusema. Akaniuliza tena, mbele ya watu, nikamwambia kwamba ni mashati yaliyokataliwa. Hakupiga kelele. Alimwambia msimamizi ayarudishe kwenye gari. Msimamizi akaanza kusema kwamba tajiri atachukizwa, kwamba ni zawadi. Mama akamwambia, "Zawadi ya nini?" Msimamizi akaondoka, gari likaenda, na kasha likabaki palepale kwenye matope.

Mama akanigeukia mimi. "Wewe ndiye wa huko," akasema. "Yapeleke kwa mwenyewe. Na usirudi hapa mpaka umeyapeleka."

Ndugu wa marehemu wawili walinisaidia kulibeba hadi kituoni, na kondakta akalipandisha juu ya basi. Njiani niliwaza mwenyewe ni nani. Kiwandani ni kwa tajiri. Lakini vitambulisho vya shingoni, vile vidogo vya hariri tulivyovishona ndani ya kola, havikuwa na jina la tajiri. Vilikuwa na jina la duka la ng'ambo. Niliposhuka mjini nilimlipa mwenye mkokoteni, tukapanda naye Chiromo hadi Westlands, yeye akivuta, mimi nikisukuma, na viatu vyangu vya mazishini bado vina matope ya Mutuini.

Ilikuwa kama saa kumi na moja. Kwenye baraza walikuwepo wageni, watu watano au sita, na gilasi mkononi. Nilimsaidia yule wa mkokoteni kuliweka kasha kwenye ngazi ya juu. Nikalifungua. Bwana alisimama. Nikamwambia kwa Kiingereza, ili wageni nao wasikie, kwamba mwanamke aliyekuwa akisafisha mashati yake amezikwa leo, na mama yake amemrudishia mali yake. Mama mmoja mgeni aliweka gilasi yake chini polepole. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia, na uso wake siwezi kuueleza. Nilizunguka nyumba nikaingia chumbani kwetu, nikaketi kitandani bila kuvua koti.

Asubuhi niliitwa ofisini kwa tajiri. Wakala alikuwa amenitangulia. Juu ya meza palikuwa na barua yangu, ileile niliyoiandika posta, imebanwa kwa pini pamoja na karatasi nyingine iliyopigwa chapa. Wale wa ng'ambo hawakunijibu mimi. Walimtumia yeye barua yangu, wakamwambia ashughulikie jambo hili mahali lilipotokea. Muhuri wa kupokelewa ulionyesha kwamba barua ilikuwa imekaa siku tisa mezani kwa wakala kabla ya mazishi.

Wakala aliniuliza ni nani aliyeniandikia barua ile. Nikasema ni mimi. Akaniuliza ni mtu gani wa chama cha wafanyakazi. Nikasema ni mimi, na kama haamini anipe kalamu. Uso ukamwiva. Akasahau kile Kiswahili chake, akasema kwa Kiingereza kwamba alinitoa jikoni akanipa kazi ya heshima, na hii ndiyo shukrani.

"Sikuwa jikoni," nikamwambia. "Aliye jikoni ni mume wangu. Na wewe ulijua siku tisa."

Wakala alimtazama tajiri, na tajiri akatazama meza, kisha tajiri akasema kwamba nimefutwa kazi tangu saa ile. Nilimwuliza kama yeye pia anaona nimekosa. Akasema anaona ana watu sitini wa kulisha. Nilimwambia kwamba sasa ni hamsini na wanane, nikatoka. Wale wa vyerehani waliinamisha vichwa nilipopita. Hakuna aliyeniaga. Siwalaumu, lakini sijasahau.

Mume wangu alifukuzwa mchana ule. Tulipewa hadi saa tisa tuwe tumetoka, na mke wa bwana alisimama kwenye veranda ya nyuma kuhakikisha kwamba hatuchukui sufuria zake. Tulihamia Uthiru, kwa binamu wa mume wangu, chumba cha udongo chenye bati jipya. Kwa muda wa miezi mingi mume wangu hakuniambia neno lisilo la lazima. Alikuwa amempikia yule mtu miaka kumi na moja. Siku moja nilimwambia aseme tu lililo moyoni, akasema, "Hukuniuliza." Nikamwambia kwamba nilimwuliza, akanikataza. Akasema ndiyo, hilo ndilo analolisema. Alikuja kupata kazi katika hoteli moja mjini, na tukazoeana tena, lakini ule mwaka uliacha alama ambayo hatukuifuta.

Mimi nilinunua cherehani kilichotumika, nikaanza kushona sare za shule pale Uthiru. Mutuini nilirudi mara moja. Nilimwambia mama kwamba nimeyapeleka kwa mwenyewe. Akaniuliza alisema nini. Nikamwambia hakusema kitu. Alitikisa kichwa kukubali, akanipa viazi vya kubeba, na hakunikaribisha ndani.

Habari za kiwandani nilizipata kwa vipande. Dirisha lilifunguliwa wiki ileile niliyofukuzwa, likawekewa wavu wa waya mwembamba wa kuzuia masizi. Wavu. Kitu cha kununua dukani mchana mmoja. Kisha, kama mwaka mmoja na nusu baadaye, wakala alihamishwa nchi nyingine, na kampuni yake ikahamisha kazi pamoja naye. Walisema huko mashati yanashonwa kwa nafuu zaidi. Tajiri alijaribu kuendelea na makoti ya mvua, akashindwa, akafunga.

Mwaka uliofuata nilikutana na mmoja wa wale wa vyerehani, mwanamke wa kwetu magharibi, aliyekuwa akikaa safu ya tatu. Alikuja kwangu Uthiru kwa sare ya mtoto wake. Alinitambua kabla sijamtambua. Nilimpima mtoto kifua na mabega. Nilipomaliza akaniambia kwamba tangu kiwanda kifungwe hajapata kazi ya mwezi, anafua nguo za watu, na kwamba wote wanajua ni barua yangu iliyowafukuza wazungu.

Nilimwambia kwamba wazungu hawakufukuzwa na barua. Barua waliijibu kwa wavu wa dirisha. Walichofuata ni bei.

"Wewe unaweza kusema hivyo," akasema, "una cherehani yako."

Nikamwuliza kama anamkumbuka yule wa Mutuini. Akasema anamkumbuka, alikuwa akiimba. Nikamwuliza kama angependa kukaa katika kiti kile yeye. Akasema kwamba angekaa. Alisema kwa utulivu, akinitazama machoni, mtoto akiwa kati yetu ameshika sketi yake. Angekaa, na angekunywa maziwa.

Hasira niliyokuwa nayo juu yake siku ile ilinitisha, kwa sababu haikuwa yake. Ilikuwa ya yule aliyekuwa tayari yuko nchi nyingine, amekaa kwenye baraza nyingine, na mpishi mwingine. Nilimwambia sare itakuwa tayari Ijumaa. Alikuja Ijumaa, akaikagua mshono kwa mshono, ndani na nje, kama nilivyokuwa nikikagua kazi yake zamani. Akaikunja, akaondoka bila kuaga.